Zege la Cascade na pea yangu ya pili ya ski

Kwenye gereji yangu hapa Kent, kusini ya Seattle, kuna pea ya ski, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, imeegemea ukuta karibu na mashine ya kukatia majani. Kwa macho ni nzuri: rangi ya chungwa, pana, nyepesi kiasi kwamba binti yangu wa miaka kumi na moja huibeba begani bila kununa. Nimeivaa siku sita tu. Hiyo ndiyo iliyokuwa pea yangu ya pili, kabla sijanunua pea ya pili ya kweli.

Mimi ni mtu wa Pangani. Barafu niliyokua nayo ni ile ya kukwangua na kisu kwenye friza la duka la soda. Nilipohamia Washington sikuwa na haja na milima, na nisingekuwa nayo mpaka leo kama si shule ya binti yangu kuwa na basi la kupeleka watoto mlimani kila Jumamosi. Mzazi mmoja anatakiwa kuongozana nao. Nikakaa kwenye mgahawa wa kituo cha ski majira mawili ya baridi mazima, nakunywa kahawa ya bei mbaya, namtazama mtoto anashuka kama maji. Majira ya tatu nikaona aibu.

Pea ya kwanza niliipata mitumbani. Kila vuli huku kuna minada ya vifaa vya ski vilivyotumika, watu wanajaa kama soko la Mchikichini, Dar, siku ya marobota kufunguliwa. Nilichukua ski za sentimita 163, laini, kiuno milimita 76. Kiuno cha ski ni pale katikati, chini ya buti, ambapo ubao umebanwa. Ncha na mkia ni vipana zaidi. Hicho kipimo cha kiuno ndicho wauzaji wanachokitaja kabla hata ya kukusalimu, na kwa kweli kinasema mengi. Kiuno chembamba hupinduka upesi kutoka ukingo mmoja hadi mwingine na kinang'ata vizuri pale ambapo katapila limeisawazisha theluji usiku. Nilijifunzia hizo, nazishukuru. Shida ilianza nilipotoka nje ya njia zilizosawazishwa.

Hapa inabidi nieleze theluji ya kwetu, maana bila hiyo haieleweki kwa nini mtu mwenye ski atafute nyingine.

Milima ya Cascade ipo karibu na Pasifiki. Stevens Pass, ninakokwenda zaidi, pale barabara ya namba 2 inapovuka ni mita 1,238 tu juu ya usawa wa bahari. Mawingu yanafika yamelowa chepechepe, yanakutana na mlima, yanamwaga. Kipimo cha kuganda, yaani kimo ambacho juu yake inaanguka theluji na chini yake mvua, kinapanda na kushuka kama maji kujaa na kupwa. Usiku kimeshuka hadi maegeshoni, inaanguka theluji. Mchana kimepanda juu ya lifti, vile viti vya kamba vinavyopandisha watu mlimani, yananyesha manyunyu. Jioni kinashuka tena na kila kilicholowa kinakuwa sahani ya kioo. Zipo dhoruba za joto kutoka upande wa Hawaii ambazo wenyeji wamezipa jina la nanasi, na zikija mtu unasimama kwenye foleni ya lifti umevaa koti la mvua. Uchache wa theluji si tatizo letu. Mlima Baker, kaskazini ya hapa, ndio wenye rekodi ya dunia ya theluji nyingi zaidi kuanguka msimu mmoja, karibu mita 29, msimu wa 1998/99. Tatizo ni kwamba ni nzito. Wenyeji wanaiita zege la Cascade, na mwenye kuanguka ndani yake akajaribu kujichomoa anajua jina halikukosewa.

Kubadilika huko si mchezo pia. Chini kidogo ya kituo zamani ilikuwa inapita reli, na usiku wa kuamkia Machi 1, 1910, baada ya siku nyingi za theluji kufuatiwa na mvua na radi, mlima uliachia ukazisomba treni mbili zilizokuwa zimekwama kwenye kituo cha Wellington. Walikufa watu 96. Kila nikiona mvua inaanguka juu ya theluji mpya nawakumbuka, na siku hizo sitoki nje ya kamba za kituo hata nikiitwa na nani.

Sasa, ndani ya kamba, siku ya kawaida inakwenda hivi. Usiku imeanguka theluji, tuseme sentimita 20. Saa tatu asubuhi lifti zinafunguliwa, na kwa saa moja hivi unateleza juu ya theluji mpya iliyo kama unga, laini, haina sauti. Watu elfu kadhaa wanafanya hivyo hivyo. Saa nne na nusu mlima umeshalimwa. Kuna mabonge, mifereji, sehemu iliyofagiliwa hadi gamba gumu la jana linaonekana, halafu mita mbili mbele rundo linalofika magotini. Jua likitoka kidogo, mabonge yanalowa na kushikana. Yakiingia mawingu, yanaganda. Hiyo ndiyo theluji utakayokuwa juu yake kuanzia saa nne na nusu mpaka lifti zifungwe. Unga ni wa saa moja, vurugu ni ya siku nzima.

Na mimi, kwa akili zangu zote, pea ya pili nikanunua ya unga.

Nilipofushwa na picha, sina kingine cha kusingizia. Kila picha ya ski unayoiona ni mtu amezama kifuani kwenye unga, jua linawaka, hakuna mwingine mlimani. Nikajiambia ski zangu nyembamba zinazama, dawa ni pana. Nikapata hizo za chungwa kwa dola mia mbili na kidogo: kiuno milimita 112, ndani ni mti mwepesi na nyuzi za kaboni, ncha zimepinda kwenda juu kama pua ya jahazi. Muuzaji akaninyanyulia moja kwa kidole. "Nyepesi kama unyoya," alisema. Nami nikadhani ananisifia ski.

Siku ya nne ndiyo niliyofunguka macho. Jumamosi, Stevens, sentimita 25 za usiku, na mimi nimechelewa kwa sababu msongamano ulianzia Monroe. Napanda lifti ya kwanza saa tano kasorobo. Mlima umeshalimwa. Nashuka, bonge la kwanza likaipiga ski ya kushoto ikaenda kushoto zaidi. Bonge la pili likairudisha. Ncha zile zilizopinda zilikuwa zinapigapiga hewani, pa pa pa, kama tanga lililolegea. Nilijitahidi kuzilaza ukingoni zing'ate, zikakuta gamba gumu, na kwa upana ule ukingo uko mbali na katikati ya unyayo, kwa hiyo mzigo wote ukaingia magotini. Halafu rundo moja lililolowa likaikamata ski ya kulia, mimi nikaendelea na safari.

Nilipoinuka nilikuwa na ski moja. Nyingine ilikuwa imejichimbia humo humo. Nikaanza kuchoma theluji kwa fimbo, hatua moja juu, hatua moja chini, kama mtu anayetafuta kaa matopeni. Dakika ishirini. Watoto wa miaka sita walinipita wakanisalimia kwa heshima. Nilikuja kuipata mita nane juu ya pale nilipokuwa natafuta, maana ski haianguki ulipoanguka wewe, inabaki ilipokamatwa.

Rafiki yangu mmoja, Mkenya wa Nakuru, muuguzi wa zamu za usiku na mtelezaji wa miaka mingi kuniliko, alinikuta chini nakung'uta theluji kwenye shingo. Akaziangalia zile za chungwa, akaziangalia tena.

"Ndugu yangu," akasema, "umenunua ski za saa moja."

"Za saa moja vipi?"

"Kutoka saa tatu mpaka saa nne. Baada ya hapo ni za kuning'inizwa ukutani."

Kauli ya mtu wa bara ikaniingia kwa mlango wa pwani. Mjomba wangu alikuwa na mashua akichukua mbao kati ya Pangani na Mkokotoni. Akirudi hana mzigo alipakia magunia ya mchanga, na mimi utotoni niliamini kabisa kwamba anauza mchanga. Siku moja nikamuuliza mteja wake ni nani. Alicheka hadi akakaa chini. "Ile farumi, mjomba. Chombo kitupu kila wimbi linakipiga." Wakati wa kusi, maji yamechafuka, ngalawa inaruka juu ya kila wimbi na waliomo wanalowa na kutapika, mashua iliyoshiba inapasua na kupita. Nimekua nikiliona hilo kwa macho yangu, kisha nikavuka bahari kwenda kulipa dola mia mbili ili niuziwe ngalawa.

Maana ndivyo ilivyo. Kwenye unga mtupu, ambako hakuna kinachokupiga, upana na wepesi vinakufanya uelee. Kwenye theluji iliyovurugwa unahitaji ubao usioyumbishwa na bonge la kilo tano: wenye uzito wake, mgumu kusokoteka, na wenye kitu ndani cha kumeza mtetemo. Kitu hicho mara nyingi ni bati jembamba la titanali, aina ya aluminiamu iliyochanganywa na madini mengine, linalotengenezwa Austria, ambalo viwanda vingi vya ski huligandisha juu na chini ya kiini cha mti. Ukigonga ski yenye titanali kwa kifundo cha kidole inasema "du" na kunyamaza. Ile yangu ya chungwa inalia kama sufuria. Tangu nilipoligundua hilo nimekuwa mtu wa kugongagonga ski dukani, mke wangu anajifanya hatujuani.

Mwezi Machi nikaenda kujaribu. Duka la kule mlimani linakukodisha ski nzuri kwa siku moja na linakuruhusu kubadilisha kadiri unavyotaka. Ukinunua kwao wanakukatia gharama ya kukodi. Mara ya kwanza nilifanya ujinga, nikazijaribu asubuhi kwenye njia iliyosawazishwa. Zote zilikuwa tamu! Kwenye lami hata bajaji ni gari. Nikarudi wiki iliyofuata, nikala chakula cha mchana kwanza taratibu, nikaanza saa saba. Nikachagua mteremko mmoja upande wa nyuma, Mill Valley, chini ya lifti ya Jupiter. Upande ule unatazama kusini, jua linaupika, na kufikia saa hizo unakuwa mchanganyiko wa uji, mabonge na vivuli vilivyoganda chini ya miti. Nikashuka hapo hapo, mstari ule ule, nikibadilisha ski tu.

Ya kwanza ilikuwa milimita 88, haina bati. Nyepesi kugeuza, ina furaha, lakini kila bonge liliniambia lilipo. Ya pili ilikuwa Völkl M6 Mantra, kiuno milimita 96. Ee bwana. Ile haikujali kitu, ilipita kama treni, lakini ilitaka dereva wa treni. Nilipochoka na kuegemea nyuma kidogo haikunisubiri. Ya tatu ilikuwa Nordica Enforcer 94, urefu sentimita 179, bati mbili za titanali, ncha zimeinuka kiasi tu cha kupanda juu ya rundo badala ya kulichimba. Mimi nina sentimita 178 na kilo 84. Nilipoingia kwenye rundo lile lile lililonitesa na ski ya kwanza, nikasikia "vuu" chini ya buti, na nilikuwa upande wa pili. Nikarudia mara nne kuhakikisha si bahati.

Kwa urefu nilikuwa na hofu. Kutoka 163 kwenda 179 kulionekana kama kutoka baiskeli kwenda lori. Lakini ski yenye ncha iliyoinuka haigusi chini urefu wake wote ukiwa umesimama wima, kwa hiyo miguuni unaihisi fupi kuliko namba yake. Ile niliyoiogopa ndiyo iliyonituliza.

Kuinunua kukachukua miezi. Kwanza nilipata tangazo la pea iliyotumika, bei nusu, Tacoma. Nikaenda. Nikapitisha kidole pale katikati na kukuta vizibo vya plastiki: ilishatobolewa na kufungwa vishikio mara tatu. Vishikio vya buti vinashikwa na skrubu zinazoingia kwenye kiini cha ski, na tundu jipya haliwezi kukaa karibu sana na la zamani bila kuudhoofisha ubao. Yule bwana alikuwa muungwana, akasema hata yeye alipoinunua hakuuliza. Nikamwachia. Mwezi Oktoba nikapata pea mpya ya mwaka uliotangulia, haijaguswa na keekee, imepunguzwa bei kwa sababu rangi imebadilishwa.

Nikadhani nitahamisha vishikio kutoka zile za chungwa niokoe fedha. Fundi akavigeuza mkononi, akatikisa kichwa. Breki zake, zile fimbo mbili zinazoizuia ski isikukimbie ukianguka, zilikuwa za upana wa milimita 115; kwenye ski ya 94 zingening'inia nje na kukwaruza theluji kila nikilaza ubao. Na vilikuwa vya zamani, vilivyotengenezwa kwa soli bapa, wakati buti zangu zina soli iliyojipinda kwa ajili ya kutembea, GripWalk. Soli ile kwenye kishikio kisichoitambua inaweza kukataa kuachia pale goti linapohitaji kuachiwa. Alikataa kufunga, na alinipendeza kwa kukataa.

Kisha akaniuliza uzito, urefu, umri, na aina ya mtelezaji niliye: mwangalifu, wa kati, au wa kasi. Kwa majibu hayo na urefu wa soli ndipo anapata namba ya kukaza kishikio. Nikasema wa kasi. Akaniangalia. Binti yangu, aliyekuwa anachezea nta kwenye rafu, akasema bila kugeuka, "Baba." Akaandika wa kati.

Siku ya kwanza halisi ilikuja Januari. Sentimita 15 za usiku, manyunyu kuanzia saa tano, hali ambayo zamani ingenirudisha kwenye ile kahawa. Niliyojifunza siku hiyo yalihusu mwili kuliko ski. Na ski nyembamba nilizoea kugeuza mara nyingi, vikona vifupi, kama mtu anayekwepa madimbwi. Na hizi nzito ukifanya hivyo zinakuchosha kabla ya saa sita. Zinataka usimame katikati, mikono mbele, ugeuze mara chache na kwa upana, na ukiliona rundo usilikwepe. Hilo la mwisho ndilo gumu. Mwili mzima unapiga kelele ukwepe. Nililenga la kwanza nimefumba jicho moja, likapasuka, likanirukia usoni, nikacheka peke yangu kwenye ukungu kama mwehu.

Zina gharama zake, nisije nikaonekana nazipigia debe. Pamoja na vishikio, kutoka maegesho ya mbali hadi lifti, bega linajua. Kwenye matuta ni za polepole. Katikati ya miti iliyobana nazikosa zile za 163, na siku za njia zilizosawazishwa, usiku chini ya taa, bado navaa hizo hizo za kwanza. Na ikifika saa nane mchana miguu yangu imekwisha, haijalishi ski zinasema nini. Masika nako, theluji ikiwa uji, ukisahau kupaka nta ya joto, uzito hausaidii kitu: unakwama tambarare unasukuma kwa fimbo kama mtu anayepondea mtumbwi.

Mama, simuni, alitaka kujua dola zote hizo zimekwenda kwenye nini. Nikamwambia nimenunua ski nyingine.

"Zile mbao ulizokuwa nazo zimeoza?"

"Hazijaoza, mama. Hizi ni za maji machafu."

Akanyamaza kidogo. "Zina farumi?"

"Zina bati ndani."

"Haya," akasema, akahamia kwenye habari za msiba wa jirani. Wa Seattle niliwaeleza nusu saa hawakunielewa hivyo.

Zile za chungwa nimezitangaza mara mbili. Mwezi uliopita alikuja kijana kuziangalia, akazinyanyua kwa kidole kama nilivyofanyiwa mimi, macho yakamng'aa. Akauliza kama zinafaa Stevens. Nikamuuliza Jumamosi huwa anafika mlimani saa ngapi.

"Saa tano hivi," akasema. "Silali mapema."

Nikamwambia abaki na fedha zake. Mke wangu alikuwa kwenye mlango wa jikoni, alisikia yote, na tangu siku hiyo kila akitaka kuegesha gari ananiita nikazisogeze mwenyewe.